Uzito wa Maneno na Jicho Langu la Kulia

Fausta mwanangu,

Jicho langu la kulia halioni. Si vumbi la mahindi kama nilivyokuambia wiki ile uliponitungia uzi kwenye sindano. Lilianza kufifia tulipokuwa tunapura maharage, na sasa nikifumba la kushoto mlima wote unapotea, unabaki weupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Hilo la kwanza. La pili, kesho asubuhi utapanda basi pale Katesh uende chuoni, hata baada ya kulijua hili. Nimeyaweka yote mawili juu kabisa ili yasije yakajificha chini ya maneno mengine, maana najijua.

Najua hapo umeshasimama, unataka kuja jikoni kunifokea. Kaa kwanza. Soma mpaka mwisho ndipo uje. Ninaandika mchana huu, wewe umekwenda Endasak kumuaga bibi yako, baba yako yuko zizini, na nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia kuku wakitembea. Karatasi hii nitakupa mkononi jioni kabla ya chakula. Sikutaka uisomee kwenye basi, mahali ambapo huwezi kuniuliza swali wala mimi siwezi kukuona usoni. Mwandiko uuvumilie. Shule niliiacha darasa la nne, na mistari yangu tangu zamani inapanda juu kama mbuzi walioona majani.

Mambo ya sweta, ya mafuta ya kupaka, ya kutompa mtu begi akushikie, tulishayasema na sitayarudia. Sweta lakini liweke juu, siyo chini ya vitabu. Wanasema huko Mbeya baridi yake haina huruma.

Sasa nikuambie kilichonifanya nianze barua na jicho badala ya salamu. Ni yale maneno yako ya Kiingereza.

Unakumbuka ulipokuwa unajiandaa kwa mtihani, ukiyasoma kwa sauti huku tunapukuchua mahindi? Mimi nilikuwa nasikia kama wimbo tu: "especially", "above all", "urgently", "indeed". Sikuelewa hata moja, ila niliona kitu. Ulipokuwa unasoma maneno mengine, uso wako ulikuwa wa kawaida. Ukifika kwenye hayo, unainua nyusi. Nikakuuliza, hayo maneno yana nini hata yanakunyanyua uso? Ukasema, "Mama, haya siyo maneno ya vitu. Ni ya kumwambia msomaji kipi kizito na kipi chepesi." Nikaona ajabu. Nilidhani lugha ya watu waliotengeneza ndege itakuwa inajua yenyewe kipi kizito.

Basi tukaanza ule mchezo wetu. Ukinitajia neno, mimi nakuuliza uzito wake, na wewe unachagua muhindi: mkubwa, wa kati, au kile kigunzi chenye punje mbili tatu ambacho hata kuku anakipita. "Urgently" ulilipa muhindi mkubwa kuliko yote, ukasema maana yake ni haraka, jambo halingoji. "Especially" ukalipa wa kati, ukasema hilo kazi yake ni kuchagua mmoja kati ya wengi, kama mtu akisema napenda watoto wangu wote, hasa huyu. Nikakuambia neno hilo ni la hatari, usilete nyumbani kwangu.

Nikauliza, "Na 'kidogo' ipo?"

Ukacheka. "Ipo. 'Slightly'." Ukanipa kile kigunzi.

"Basi hilo ni la kwetu Wairaqw. Hao Waingereza walikuja kulichukua huku."

Ulicheka mpaka mahindi yakamwagika, na mimi nikacheka pia, ila neno lenyewe lilinibaki. Nitalirudia.

Lile la "above all" ndilo lililonipa maswali mengi. Ulisema maana yake ni juu ya vyote, kama paa. Halafu ukanisomea insha yako ya faida za kilimo, na mimi hata bila kujua Kiingereza nikasikia paa limepita, mara lingine, mara lingine tena. Nikakuuliza nyumba gani hiyo ina mapaa matatu. Ulikasirika kidogo, ukasema ndivyo wanavyoandika. Kesho yake insha ikarudi na wino mwekundu wa Mwalimu Zubeda, ukanitafsiria huku umenuna: "Fausta, kila sentensi hapa inapiga kelele. Nikimbilie wapi?"

Mimi nilikuelewa kwa nini uliandika vile. Ni lumbesa. Wewe umezaliwa wakati ushirika umeshakufa na wanunuzi wanakuja wenyewe na malori mpaka mlangoni, kwa hiyo unadhani gunia lilizaliwa na kilemba. Halikuwa hivyo. Wao ndio waliotuzoesha kujaza gunia mpaka mdomoni, halafu kulishonea kichwa kingine juu, likae kama mwanamke aliyebeba mtungi. Na sisi tukaona ndivyo biashara ilivyo, tukashindana nani ana kilemba kirefu. Lakini bei ni ya gunia. Kilemba hakilipwi. Nilipoona insha yako nikasema moyoni, huyu mtoto wa kwetu Hirbadaw anauza Kiingereza kwa lumbesa. Anaogopa asipoongeza, mnunuzi ataenda kwa jirani.

Hata mimi siku niliyokwenda shuleni kwa kikao cha wazazi nilimuuliza Mwalimu Zubeda. Unamjua yeye, mtu wa Tanga, Kiswahili chake kinamiminika. Siku niliyompelekea viazi alisema, "Mama Fausta, nimefurahi mno, nimefurahi sana, yaani nimefurahi kupita kiasi." Kwa viazi. Nikadhani kwao kuna njaa. Basi nikamuuliza, "Mwalimu, nisamehe, mimi sikusoma. Ukiongea Kiswahili unamimina bila kipimo. Mbona kwa Kiingereza mtoto akimimina unamfokea?"

Alicheka, akaweka chaki chini. "Mama Fausta, nikiongea na wewe unaniona uso. Nikisema mno, unajua ni mno ya viazi, siyo mno ya msiba. Kwenye karatasi uso haupo. Neno linabaki peke yake, na msomaji hana pa kulipimia."

Nikamuuliza tena, "Kwa hiyo karatasi ni kama kuongea na mtu gizani?"

"Ni zaidi ya hapo. Gizani angalau sauti inasikika."

Jibu lile nilitembea nalo mpaka nyumbani. Nilikuwa najiuliza, kama maneno mengi ya kukaza yanaua uzito, je, sisi tusiokaza kabisa? Maana wewe ulikosea upande wa lumbesa, lakini nyumbani kwetu, kwa mila na kwa damu, ugonjwa wetu ni wa upande mwingine. Sisi tunauza debe lililojaa tukisema ni nusu.

Nikusimulie habari ya ng'ombe yule mwekundu. Umeisikia kwa baba yako, lakini yeye huisimulia ili watu wacheke, na hakuwepo. Alikuwa amekwenda mnadani. Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Ng'ombe alishikwa na uchungu alfajiri, miguu ya ndama ikaonekana, halafu ikasimama pale pale. Jirani zetu walijaribu kuvuta, haikuwezekana. Wakaniambia nenda kwa bwana mifugo, yule kijana wa Bukoba aliyekuwa ameletwa mwaka ule, anakaa karibu na zahanati.

Nilikimbia mpaka nikaona nyumba yake. Nilipoiona nikaacha kukimbia, nikafunga kitenge vizuri, nikatembea. Huwezi kuingia kwa mtu unahema kama mwizi. Mke wake akanikaribisha. Tukasalimiana. Akaleta chai. Yeye akatoka ndani, tukasalimiana tena.

"Habari za nyumbani, mama?"

"Nzuri."

"Baba hajambo?"

"Hajambo, yuko mnadani."

"Na mvua huko kwenu?"

"Imeanza, tunashukuru."

"Mifugo?"

"Haijambo. Ila kuna mmoja hakulala vizuri."

"Pole. Basi kesho kutwa nitapita upande huo, nitamwangalia."

Nikasema asante. Na nikamaliza chai, Fausta. Nilikaa pale nikapuliza kikombe mpaka chini, kwa sababu chai ya mtu haiachwi. Moyo wangu ulikuwa unagonga hadi wewe mgongoni ukaanza kulia, nikakutuliza ili tusiwasumbue watu. Niliporudi, majirani walikuwa wameshakaa chini, na mtu akikaa chini karibu na ng'ombe hana haja ya kukuambia kitu.

Kijana wa watu alikuja kesho yake, alisikia kwa mke wake kwamba ng'ombe amekufa. Alikasirika mpaka akawa hajui aweke wapi mikono.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Uliniambia hakulala vizuri."

"Ndiyo. Ng'ombe mwenye ndama aliyekwama anaweza kulala vizuri?"

Alinitazama. Nikaona siyo hasira tena, anashangaa kabisa. Akasema, "Kwetu ungekuja unapiga yowe tangu kule kilimani, mimi ningetoka na viatu mkononi."

Nikamwambia, "Huku kwetu yowe ni la wezi wa ng'ombe. Ningepiga, wanaume wote wangetoka na mikuki, wangekuta mwanamke na mtoto mgongoni wanaomba dawa."

Tulikaa kwenye jiwe tukiongea mambo hayo muda mrefu, mimi na yeye, watu wawili wanaosema Kiswahili kimoja na hatukusikilizana. Mimi nilikuwa nimemwambia kwa uzito wote niliokuwa nao. Kwetu mtu akifika saa ya kazi, amefunga kitenge upya, akasema mmoja hakulala vizuri, aliyezaliwa hapa ameshashika kamba yuko mlangoni. Haangalii neno. Anaangalia mtu amekuja saa ngapi, ameacha nini nyumbani, mikono yake ikoje kwenye kikombe. Uzito wetu uko hapo. Mgeni haujui, na siyo kosa lake. Kwa hiyo usinielewe vibaya nikikusimulia hivi, sisemi watu wetu ni wajinga. Wazee wakiomba baraka hawapandishi sauti, wanateremsha, na watu wanaitikia chini chini, na hapo ndipo mwili unasisimka. Nilikuuliza kama "indeed", lile la kusema kweli kabisa, ni kitu kama mwitikio ule, ukasema hujui, ukaniahidi utaliuliza. Bado nakudai jibu.

Nakwambia haya kwa sababu ya kazi unayokwenda kujifunza. Ulinieleza kwamba muuguzi akimaliza zamu anaandika kwa Kiingereza hali ya kila mgonjwa, ili anayeingia asome ajue aanzie kitanda gani. Tangu uliponiambia nimekuwa nafikiria huyo anayeingia. Hakumwona mgonjwa. Hakukuona wewe uso. Ana karatasi tu. Ukimwandikia kwa lumbesa, vitanda vyote vinapiga kelele, hajui akimbilie wapi. Ukimwandikia kama mama yako, vitanda vyote havikulala vizuri kidogo, atakunywa chai.

Halafu kuna jambo lingine ambalo nilikuuliza juzi ukanijibu haraka, na sikuridhika. Nilisema, akija mwanamke kama mimi ukamuuliza anaumwaje, akasema kidogo, utaandika nini? Ukasema, "Nitaandika alivyosema, Mama. Ndivyo inavyotakiwa." Labda ndivyo. Sijui sheria za wodini. Lakini mwanamke huyo anaweza kuwa anasema kidogo huku ameshika benchi kwa mikono miwili. Je, Kiingereza kina neno la mtu wa namna hiyo? Siulizi kwa kukupinga, nauliza kweli. Kama neno hilo lipo, lijue kabla ya mengine. Kama halipo, sijui, uandike na hiyo mikono pia.

Sasa jicho.

Uliponiuliza wiki ile nilisema vumbi, na neno lilitoka lenyewe kabla sijafikiri. Usiku nikajisikia vibaya, nikajiambia nimemkinga mtoto, akijua hataenda. Nafasi za chuo hazingoji, wewe ni mkubwa, utasema nitakwenda mwakani Mama akipona, na mwakani kuna mwakani yake. Nikaona nimefanya vizuri. Nikapanga niseme ukisharudi likizo. Lakini nilipokuwa nakunja nguo zako, nikakumbuka mwaka ule uliokuwa shule ya bweni ukalazwa na malaria. Ulimpigia baba yako kwa simu ya matroni ukasema uko salama, kichwa tu kidogo. Wiki nzima tulikaa tunashukuru Mungu. Tulikuja kujua kwa mtoto wa jirani kwamba ulikuwa unabebwa kwenda chooni. Ulipokuja nikakuuliza kwa nini hukusema, ukanijibu, "Nilisema, Mama. Nilisema kichwa."

Siku ile nilisikia sauti yangu mwenyewe kwenye lile jiwe, nikimjibu bwana mifugo.

Kwa hiyo nikikuficha jicho nitakuwa nimekufundisha nini tena? Utakwenda Mbeya ukiwa na kidogo yangu ndani ya begi, chini ya vitabu, na siku ukipatwa na jambo utaitoa hiyo hiyo. Ndipo nikaamua nijaribu ya kwenye karatasi zako, kutanguliza kizito. Nilianza asubuhi ya leo kwa baba yako. Alikuwa anakaza kamba ya nira. Nikasimama mbele yake nikasema, "Baba Fausta, jicho la kulia halioni."

Akasema bila kuinua kichwa, "Hujanisalimia."

"Nitakusalimia baadaye. Halioni tangu kupura maharage."

Akainua kichwa. Nilidhani atanikemea, kumbe alinishika kidevu akanigeuza uso kwenye mwanga kama anavyofanya akikagua ng'ombe wa kununua. Akaliziba la kushoto, akaniuliza ni vidole vingapi. Nikamwambia naona mkono, vidole sioni. Aliiacha ile nira hapo chini. Akaenda kwa mwenye pikipiki, wakaongea, akarudi akaniambia Jumanne tunakwenda hospitali kwa daktari wa macho, na yeye atakwenda na mimi, na atasema yeye, maana mimi nitasema vumbi. Miaka yote tumeishi naye, sijawahi kuona kitu chepesi hivyo. Nilitaja jambo na likaanza kutembea. Bado nashangaa. Nimekaa hapa najiuliza ni mambo mangapi yalikuwa yanangoja tu nitaje.

Daktari atasema nini sijui. Labda ni mtoto wa jicho, wanasema ugonjwa huo unatolewa, bibi wa kule Jorodom walimtoa akaanza kuwagombeza watu tena kwa kuwaona. Labda ni kingine. Naogopa. Nimeandika naogopa, siyo naogopa kidogo. La kushoto lina nguvu, ndilo ninaloandikia. Baba yako atakupigia Jumanne jioni, na nimemwambia akuambie jibu kabla ya habari za safari.

Ulinifundisha kwamba nyumba ina paa moja, au ni mimi niliyekufundisha, sikumbuki. Langu ninaliweka hapa: juu ya yote, panda basi. Nilikuambia ukweli ili uende nao, siyo ili ubaki nao. Ukikaa kwa sababu ya jicho langu, nitajifunza kwamba nikisema kweli naharibu, na nitarudi kwenye vumbi mpaka nife.

Na wewe nakuomba jambo ambalo mama wa huku haombi. Nimekulea uwape shikamoo wakubwa kabla ya neno lolote, na hao wote huko chuoni uwape, walimu, wauguzi wakubwa, hata mfagiaji kama amekuzidi umri. Mimi peke yangu, siku ukiwa na shida, nimekuondolea. Ukiumwa, ukiogopa, mtu akikutendea vibaya, ukipiga simu usinisalimie, usiniulize mvua wala ng'ombe. Taja jambo. Siku nyingine zote nisalimie vizuri, tuongee hata habari za kuku mpaka salio liishe. Lakini simu ikiita, nikapokea, na nisisikie shikamoo, nitakuwa nimeshavaa viatu kabla hujafika mwisho wa sentensi.

Mama yako,
Elizabeti